Chumba cha Chiriku

3 Novemba

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mkweo yuko safarini na lori kama kawaida yake.

Yeye ndiye aliyenishauri nikupigie simu. Nimekupigia mara nyingi, na kila tukikata najikuta nimejua kitu kimoja tu, kwamba mko wazima. Simu yako inasikia nusu ya maneno na nusu nyingine unajijazia mwenyewe. Juzi nilikuuliza mjukuu wako Chiriku anapenda rangi gani, ukanijibu kwamba ameshakula. Kwa hiyo naandika.

Kikao cha familia kilikubaliana kwamba mjukuu wako atakuja kwetu shule zikifungwa, na kama Januari atakuwa ametulia, ataanza darasa la kwanza huku kwa baba yake. Asipotulia, utakuja kumchukua. Sitaki kuzunguka mbuyu: nataka abaki. Najua mimi si mama yake, na najua tangu binti yako alipofariki wewe ndiye uliyemlea. Ila nataka abaki, na najua njia moja tu ya kumkaribisha mtoto, nayo ni kumtengenezea chumba.

Kazi yangu unaijua juu juu. Napamba vyumba vya watoto: shule za chekechea, kliniki, nyumba za watu. Kabla sijagusa brashi, napiga magoti na kutambaa chumba kizima, nione anachokiona mtoto. Wapambaji wengi wanachora kwa ajili ya macho yao wenyewe. Kuna wodi moja wamechora twiga mzuri sana, na mtoto aliyelala kitandani anaona tumbo lake tu.

Basi naomba unisaidie. Urefu wake ni upi, na mkono wake akiuinua unafika wapi? Rangi gani anaipenda? Akinuna anajificha wapi? Anaogopa nini? Na analala vipi?

Mke wa mkweo

&nbsp;

12 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Kwani nilipokwambia ameshakula nilisema uongo? Alikuwa ameshakula.

Loo, mtu mzima na akili zako unatambaa! Na mkwe wangu anakuangalia tu. Haya, kila mtu na kazi yake. Mimi nimeshona nguo za watu miaka yote hii nikiwa na pini mdomoni, sina haki ya kumcheka mtu.

Vipimo vimo ndani ya bahasha. Nimekupimia kwa uzi wa cherehani: fundo la kwanza ni bega, la pili ni utosi, la tatu ni ncha ya kidole mkono ukiwa juu. Alikataa kusimama wima mpaka nilipomwambia anashonewa nyumba.

Rangi ni kijani, lakini si kila kijani. Anataka kile cha jani lililochipua leo. Ukimletea kijani cha gari la jeshi atakutazama mpaka uone aibu.

Akinuna anaingia chini ya meza ya cherehani, anakaa juu ya vipande vya vitambaa, na huko anaongea na watu anaowajua yeye. Ndiyo maana tunamwita Chiriku, mdomo wake hauna Jumapili. Anapenda kuku. Tunaye mmoja mweusi asiye na mkia, kamwita Bosi, na kuku mwenyewe anaitika. Anaogopa kioo kikubwa. Kabati la kioo usimwekee.

Kulala hana shida. Akiweka kichwa chini ndiyo basi, fofofo mpaka kunakucha.

Kuhusu kikao, na mimi nilikuwepo. Nilikubali kwa sababu shule ya huku iko mbali na magoti yangu yameshastaafu. Sikukubali kwa sababu nimemchoka mjukuu wangu, mke mwenzangu huyu. Hilo liandike ukutani kwako kwa rangi isiyofutika.

Bibi yake Chiriku

&nbsp;

29 Novemba

Mama,

Shikamoo. Uzi wako umenisaidia kuliko futi yangu. Nimeupigilia misumari miwili mlangoni, na kila kitu nimekipanga kwa mafundo yako.

Chumba kimekwisha. Nusu ya chini ya ukuta ni kijani cha jani changa. Nilichanganya mara nne mpaka nikakipata. Nusu ya juu ni nyeupe kama maziwa. Kuku nimewachora wakitembea kuzunguka chumba, macho yao yakiwa usawa wa macho yake, na Bosi katangulia mbele bila mkia. Swichi ya taa nimeishusha. Ndoano za nguo nimezishusha. Dirisha sikuweza kulishusha, nimeweka kibaraza cha mbao apandie. Kioo hakuna.

Kitanda ndicho ninachojivunia. Nimemwelekeza seremala akakitengeneza cha juu, chenye ngazi fupi na ukingo asianguke, na chini yake ni kijumba kama meza yako ya cherehani. Nimemwekea kapu la vipande vya vitambaa humo. Mkweo alipoingia kukiona aligonga kichwa mara mbili. Mara ya pili alisema ni chumba kizuri sana, ila kina hasira na watu wazima. Nilimwambia hakikujengwa kwa ajili yake.

Nina swali moja lililobaki, nalo si la vipimo. Ataniitaje?

Mke wa mkweo

&nbsp;

7 Desemba

Mwanangu,

Baba yake amefika kumchukua, anapakia. Barua hii nampa yeye.

Nguo zote nimezipiga pasi. Sweta la njano linabana kwapani, usimvalishe hata akililia. Bosi alitaka kupakiwa kwenye lori, nimemshusha. Nimemwambia mtoto awe na adabu, asaidie kazi, na asitangaze kwa watu mambo ya nyumbani kwetu.

Atakuita Mama Mdogo. Hilo la kukuita Mama peke yake usimharakishe. Ngoja alilete mwenyewe, na asipolileta usininunie mimi.

Lori limewashwa. Siandiki zaidi.

Bibi yake

&nbsp;

15 Desemba

Mama,

Shikamoo. Usiwe na wasiwasi, Chiriku ni mzima. Chumba kimempendeza. Alipoingia alizunguka kuta zote akimgusa kuku mmoja mmoja, alipomkuta Bosi akacheka mpaka akakaa chini. Swichi aliiwasha na kuizima mpaka baba yake akamwomba ahurumie taa.

Anakula vizuri. Analala vizuri. Ni mkimya kidogo, labda bado ana uchovu wa safari.

Shule iliyo karibu inafunguliwa tarehe nane Januari. Nimeshamchukulia nafasi, ila kama tulivyokubaliana, neno la mwisho litasubiri.

Mama Mdogo wake

&nbsp;

22 Desemba

Mwanangu,

Mkimya kidogo? Chiriku? Huyu alipopata surua alinihadithia surua yenyewe usiku kucha. Safari ya lori haiwezi kumfunga mdomo wiki nzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mambo ya kuku umeandika mistari mingi. Kulala umeandika maneno mawili. Mimi ni fundi nguo, mteja akiongea sana kuhusu vifungo najua kiuno kinambana.

Unanificha kitu. Sikugombezi. Ila tarehe tano Januari napanda basi nakuja, na nakuja na begi tupu. Nikikuta mtoto hana raha, nguo zake zitaingia humo na yeye atanishika mkono. Kikao kilisema hivyo na wewe ulikuwepo.

Bibi yake

&nbsp;

29 Desemba

Mama,

Shikamoo. Ni kweli nilikuficha, na sasa nakwambia yote.

Halali. Tangu usiku wa kwanza halali kile kitanda. Kila asubuhi nakuta shuka limenyooka kama nilivyolitandika na yeye amekaa kwenye kijumba cha chini, macho mekundu, mikono magotini. Ukimuuliza anasema, "Nimelala, Mama Mdogo." Ana adabu mpaka inaniuma.

Mtu wa kazi yangu akiona mtoto halali, anashuku rangi. Nikasema kijani kile kikipigwa na taa kinachangamsha mno, nikapaka upya, kilichofifia. Hakulala. Nikasema kuku wanamkodolea macho, nikachukua brashi nikawafumba macho wote, mmoja baada ya mwingine, nao ni wengi. Asubuhi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kuku wamekufa?" Mama, nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo kama mtu anayeanua nguo, na kamba ilikuwa tupu. Ikabidi niwafumbue tena.

Juzi nikaamua kupaka upande mmoja wote mweupe. Harufu ya rangi ilikuwa kali, kwa hiyo nikatandika godoro sebuleni tulale huko sisi wawili. Baba yake alikuwa safarini. Akanitazama akauliza, "Baba hayupo. Sasa wewe utalalaje?" Nikajua anaomba kwa kuzunguka, nikamwambia tutalala pamoja. Akaja, akanigeuzia mgongo, akausukuma mgongo wake kwenye wangu mpaka ukakaa sawasawa, na hapo hapo akaanza kukoroma.

Asubuhi alizungumza tangu alipofungua macho mpaka chai ikapoa. Bosi, cherehani, jirani yenu mwenye meno ya bandia, yote nayajua sasa. Na katikati ya maneno akasema, "Mimi na Bibi tunalala hivi hivi kila siku, mgongo kwa mgongo." Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilikuuliza, Mama. Niliandika kabisa, analala vipi. Ukaniambia fofofo. Nimemjengea kitanda cha mtu mmoja mtoto ambaye hajawahi kulala peke yake, nikampandisha juu kwa ngazi, nikaweka na ukingo. Halafu nikakesha wiki tatu nikigombana na makopo ya rangi. Nimekasirika na sitaki kukudanganya kwamba sijakasirika. Mimi unaweza kunifanya upendavyo, lakini mtoto hakulala.

Mama Mdogo wake

&nbsp;

2 Januari

Mwanangu,

Kukasirika ni haki yako. Basi na mimi nisikilize.

Uliniuliza analala vipi, nikakujibu analala vipi. Hukuniuliza analala na nani. Ungeuliza ningekujibu, au nisingekujibu, sijui. Unataka niseme nilinyamaza makusudi? Nilinyamaza makusudi. Nilijisemea, mwache apake rangi zake, achore kuku wake, mwisho mtoto atautaka mgongo wangu na atarudi. Sasa unajua. Sioni haya sana kama unavyotaka nione.

Wewe una chumba, una mume, una shule iliyo karibu, una kijani cha namna nne. Mimi nilikuwa na binti mmoja, nikamzika. Akabaki huyu. Ulitaka nikupe na siri ya kumlaza kwa bahasha, pamoja na uzi?

Lakini hilo la kukaa kijumbani macho mekundu sikulijua, na sikulitaka. Nilidhani atalia usiku mmoja, mnipigie simu, nije. Sikudhani atanyamaza. Hilo limenikata maini.

Tarehe tano nakuja kama nilivyosema. Begi ni lile lile.

Bibi yake

&nbsp;

11 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepona ile safari, na kwamba dereva wa kurudi hakuwa na mbio kama wa kuja.

Mkweo bado anaongea jinsi ulivyokagua nyumba. Anasema ulipitisha kidole juu ya kabati, ukapima upana wa dirisha kwa viganja, ukavuta pazia ukaona pindo, ukasema "aliyeshona hili alikuwa na haraka", na hukujua kwamba aliyeshona ni mimi. Au ulijua. Kitanda nacho ulikikuta nimeshakikatisha miguu. Seremala alilia kwa uchungu, ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya. Kijumba hakipo tena, ngazi tumeifanya rafu ya vitabu, ukuta mmoja ni mweupe, mmoja kijani, na ile rangi iliyofifia imebaki kwenye kona. Mteja wangu akikiona chumba hicho atatafuta mpambaji mwingine.

Tulikuwa tumepanga, mimi na baba yake, kwamba hatutabishana nawe. Nguo za Chiriku nilikuwa nimezikunja. Nilizikunja mwenyewe ili zisikunjwe na mtu mwingine mbele yangu, nikaziweka juu ya kiti, sweta la njano juu kabisa. Ulilala naye usiku ule mmoja, asubuhi ukanywa chai, ukambusu kichwani, ukapanda basi na begi lako tupu. Ulisema tu, "Jumatatu asichelewe shule." Sikuthubutu kukuuliza kitu, niliogopa ungebadilisha mawazo.

Sasa nauliza. Jioni ile ile nilikwenda kulala naye kama nilivyokuwa nafanya tangu nikuandikie. Nilipotaka kuingia kitandani akaniambia, "Mama Mdogo, wewe nenda kwa Baba. Leo nataka kujinyoosha." Nikamuuliza mara mbili. Akanisukuma mlangoni kabisa, akazima taa mwenyewe. Nilikaa kwenye korido nikisubiri kusikia chochote. Nilichosikia ni kukoroma.

Na usiku uliofuata hivyo hivyo, na jana. Shule amekwenda, mwalimu wake ameshamhamisha dawati kwa kelele.

Umemwambia nini, Mama? Mimi nimemaliza rangi zote dukani. Wewe umelala naye usiku mmoja tu.

Mama Mdogo wake

&nbsp;

19 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nilijua pazia ni lako. Ukipata nafasi, lifumue ulishone tena.

Nilikuja kumchukua. Hilo usilisahau ukadhani nimekuwa malaika. Njia nzima kwenye basi nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia. Nilipoona nguo zimekunjwa juu ya kiti ndipo nikapata hakika, nikasema moyoni, hata wao wameshakata tamaa.

Tukalala kwenye kile kitanda chako kilichokatwa miguu. Akanipa mgongo, akaukaza kama kawaida. Nikamuuliza, "Mke mwenzangu, humu ndani unaogopa nini? Kuku?" Akasema haogopi kitu. "Basi kwa nini ulikuwa hulali?" Akasema, "Kwa sababu na wewe ulikuwa hulali."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Wewe."

Na ni kweli. Mama yake alipofariki, mtoto alikuwa na miaka miwili, analia, halali. Nimembeba, nimemwimbia, hakuna. Nami nilikuwa na msiba wangu, kichwa hakifanyi kazi. Nikamlaza nikamwambia, "Niwekee mgongo hapa, Bibi hawezi kulala bila wewe." Akaacha kulia. Alikuwa amepewa kazi, unajua watoto wanavyopenda kazi. Siku ya pili nikamwambia hivyo hivyo, na ya tatu, halafu nikasahau kwamba nilimwambia. Yeye hakusahau. Miaka yote hii mimi nilidhani namlaza, kumbe yeye alikuwa ananilaza mimi.

Huko kwako alikuwa anakaa macho kwa sababu alijua nami niko macho huku bila mtu. Ubaya wake ni kwamba nilikuwa macho kweli. Na wewe siku ile ya sebuleni hakukuomba kitu. Alikuona mume hayupo, akakuhurumia, akakufanyia kazi yake. Wewe ukadhani unambembeleza. Usione aibu, na mimi nimeishi kwenye kosa hilo hilo.

Basi nikamwambia, "Siku hizi Bibi analala mwenyewe, nimeshazoea." Akageuka, akawasha taa kwa ile swichi yako ya chini, akanitazama usoni kama mteja anayekagua mshono. Akasema, "Apa." Nikaapa, mwanangu. Akanitazama tena, akazima taa, akasogea upande wake, akajinyoosha mikono na miguu kama chura, akalala. Mimi nilikaa nikilia mpaka alfajiri, kimya kimya, asije akaamka akajua kwamba nimemdanganya.

Ndiyo maana sikumchukua. Ningemchukua, angerudi kazini.

Sasa nimebaki na kiapo. Nafunga cherehani mapema, naoga maji ya moto, nazima taa, najilaza katikati ya kitanda nangoja. Usingizi unakuja kwa kuchungulia, kama mgeni asiyejua kama kuna mbwa. Juzi uliingia kidogo. Nitazoea, sina ujanja, nimeshaapa.

Mlete Aprili, umlete wewe mwenyewe. Na akikuuliza habari zangu, mwambie Bibi analala.

Mama yako